Glasi ya Heshima

Tabata Kimanga,
25 Agosti 2024

Mjomba Romani, shikamoo.

Kwanza nisamehe. Barua yako ya mwezi wa tano nimetembea nayo kwenye pochi mpaka imeshika harufu ya ndimu. Kila siku najiambia leo Tekla akilala naandika. Tekla akilala na mie nalala, tena mie ndiyo natangulia. Leo nimetoka misa ya kwanza, Munira jirani yangu kamchukua mtoto, nimepata saa moja ya kwangu. Nimeanza na wewe kabla ya kufua.

Sie hatujambo. Tekla ana mwaka na miezi mitatu, meno sita, anatembea kama mlevi wa saa nne asubuhi: anashika ukuta, anasimama, anaucheka. Maneno anayo mawili, "mama" na "hapana". Kikohozi kimeisha. Huko je? Mama goti lake linaendeleaje? Mikorosho imetoa maua?

Sipigi simu kwa sababu ya huko anaishika Mama, na Mama akipokea anaweka spika, mpaka kuku wanajua habari zangu. Haya ni ya kwako peke yako.

Kazini Sinza, pale baa, kumeingia mgeni. Madam Herieth, tajiri yangu, kaleta kishikwambi chenye akili mnemba, kakisimamisha juu ya kaunta kikiwatazama wateja. Kinaongea Kiswahili kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mteja akitaja jina, kinakumbuka amekunywa nini na siku gani. Na mie kinaniongoza: "Mimina mililita arobaini na tano." Wewe ulinifundisha kupima kwa sikio, chupa ikiimba unahesabu "moja, mbili, basi". Sasa nikihesabu kimoyomoyo chenyewe kinahesabu kwa sauti, tunapishana, namwaga.

Siyo kibaya. Kimenifundisha kuchanganya tangawizi na asali, watu wamependa. Ila juzi Madam kasema mbele ya wenzangu: "Hiki kikishazoea, hata Chausiku anayeosha glasi atasimama kaunta. Kazi yake kusoma tu." Chausiku akacheka. Na mie nikacheka, nikaenda stoo nikakaa juu ya kreti.

Maana kaunta ya mchana ndiyo inanitoa saa kumi na mbili jioni, saa moja na nusu nimeshamshika mwanangu. Nikiondolewa hapo, iliyobaki ni kuhudumu meza zamu ya usiku mpaka alfajiri. Munira ana mume na watoto watatu, hawezi kulala na wa kwangu. Na Mama akisikia atasema mtoto aletwe Ndanda. Mjomba, sitaki. Usimwambie.

Madam ataamua mwisho wa mwezi wa kumi na moja.

Basi nakuuliza wewe uliyesimama kaunta miaka kumi na tisa: mtu wa kaunta anajua nini ambacho hicho kidude hakijui? Na safari hii niambie na kwa nini uliacha. Kila nikiuliza unanipa habari za mikorosho.

Mpwa wako,
Rosalia


Ndanda,
12 Septemba 2024

Mpwa wangu Rosalia, marahaba.

Barua nimeipata kwa mkono wa Nurdin wa basi. Alikuwa kaikalia safari nzima, imenyooka kama imepigwa pasi. Sisi wazima. Goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi wa jirani amekula shati langu la kanisani, sasa namtazama kila Jumapili kama mtu niliyesali naye.

Umeandika kwamba ulicheka. Nakujua ukicheka hivyo.

Sikia. Kumimina siyo kazi, hata bomba la yadi linamimina. Kazi ni kumjua wa kutomiminiwa. Unaikumbuka glasi ya heshima? Kuna mtu daktari amemkataza pombe, mwingine ameapa mbele ya padri, mwingine ana nadhiri yake na hataki kusema. Lakini meza yake ya marafiki hataki kuipoteza, ndiyo jioni yake, ndiyo utani wake. Mtu huyo atakuja kaunta, atakutazama mara moja, atagusa ukingo wa glasi kwa kidole. Wewe unamwekea toniki na ndimu kwenye glasi fupi ya wiski, barafu mbili, unampa kwa uso uleule unaowapa wenzake. Humuulizi. Humsemi, hata kwake mwenyewe. Atakaa na watu wake miaka kumi akiwa na afya yake na jina lake.

Hicho kidude kioneshe kidole, tuone kama kitaelewa.

Kuhusu kwa nini niliacha: mikorosho mwaka huu imechanua vizuri sana.

Mama yako sijamwambia. Lakini nami nikuulize, mtoto kulelewa na bibi yake ni msiba? Wewe mwenyewe umekulia hapa, ukaota meno yote. Lifikirie.

Mjomba wako,
Romani


Tabata Kimanga,
20 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa tena, safari hii siyo usingizi. Nilikuwa naona haya.

Tekla mzima, meno manane. Kamng'ata Munira, Munira kasema ni meno mazuri. Shati la kanisani pole, ila usimchinje mbuzi kabla ya Noeli, mwaache ashibe vizuri kwanza.

Mjomba, nimeharibu.

Unamkumbuka Mzee Theonest niliyekusimulia? Yule Mhaya mrefu wa bima, anayekuja saa kumi na nusu na wenzake watano, wanakaa meza ya karibu na feni. Ndiye anayeanzisha vicheko. Karibu mwaka wa pili sasa nampa glasi ya heshima. Aligusa ukingo siku ya kwanza, sikuuliza, mpaka leo sijui ni daktari au ni nini.

Sasa Madam alitoa amri: kila kinachotoka kaunta kiandikwe kwenye kishikwambi kama kilivyo, na jina la mteja. Wewe ungeandika wiski ukatulia. Mie nimesomeshwa na masista wenu hapo Ndanda, mkono wangu ukishika kuandika haujui kudanganya. Mdomo unaweza, mkono hauwezi. Nikawa naandika: Theonest, toniki, ndimu. Kila siku. Nikidhani yanakaa humo ndani kama daftari lililofungwa.

Jumanne ya wiki iliyopita wameingia wote sita, Mzee kaja kaunta, kidude kikawaka, na ile sauti ya taarifa ya habari:

"Karibu tena Mzee Theonest! Leo pia toniki na ndimu, bila kilevi, kama kawaida yako?"

Feni ilikuwa imezimika, umeme ulikuwa wa kuruka. Wamesikia mpaka wa nje.

Wilfred, yule mfupi wa meza yao mwenye mdomo, akadaka: "Heee! Kumbe sie siku zote tunakunywa na mwalimu wa kwaya!" Mwingine akasema, "Ndiyo maana anakumbuka madeni ya utani ya mwaka jana, yeye yuko macho!" Wakacheka mpaka wakapiga meza. Mzee na yeye akacheka, lakini Mjomba, alicheka kama mie siku ile ya kreti. Akaweka glasi juu ya kaunta bila kuinywa, akasema ana wageni nyumbani. Hajarudi. Na meza bila yeye imekufa, siku ya tatu wengine wakaacha kuja.

Madam kaniita stoo. "Rosalia, kumbe mzee wa watu ulikuwa unampa maji ya ndimu kwenye glasi ya wiski? Ulikuwa unamfanyia ujanja?"

Nikainua kreti tupu nikaipanga.

"Nakuuliza. Yeye ndiye aliyetaka hivyo au wewe ndiye uliyempunja?"

Ningesema neno moja ningepona. Nikakumbuka barua yako, nikasema, "Madam, mie sina la kusema juu ya glasi ya mtu." Akasema basi hasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja kunifikiria, ameshanifikiria: Desemba ikianza nahudumu usiku, Chausiku atashika kaunta. Labda Mzee mwenyewe aje aseme vinginevyo.

Nifanyeje? Nimfuate kwake nimwombe msamaha? Anakaa Sinza hapohapo, nyumba naijua.

Rosalia


Ndanda,
3 Novemba 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Goti la mama yako limepata nafuu, ulimi haujambo kabisa. Mabibo yameanza kuanguka, huku chini ya mikorosho kunanuka sukari, nyuki wamehamia.

Usimfuate. Mtu wa kaunta hamfuati mteja nyumbani kwake, hata akiwa amebeba heri. Sasa nitakwambia kwa nini niliacha, na nikishasema usinirudishie kwenye barua.

Nilikuwa na mteja mwenye glasi ya heshima. Siku moja nikakutana na mkewe sokoni Manzese, mama mcha Mungu, amebeba nyanya. Akaanza kunilaumu: "Nyie watu wa baa mnamwua mume wangu." Nikaona huruma, nikamwambia, "Mama, tulia. Mumeo kwangu anakunywa toniki, ana mwaka hajagusa pombe." Nilidhani nampa zawadi. Mama akasimama. Akaweka kapu chini. Akasema taratibu, "Kama halewi, mbona anarudi saa sita usiku anayumba, anasema pombe imemzidi, analala bila kuzungumza na mtu?"

Ilikuwepo nyumba ya pili, Rosalia, huko huko Tabata. Kwenye nyumba ya kwanza pombe ilikuwa ndiyo kisingizio. Mwezi uleule wameachana, na yule bwana alikuja kaunta, hakunitukana, aliagiza bia ya kweli, akainywa akiniangalia. Nikaona sifai. Nikaja kwenye mikorosho, mikorosho haina mke.

Kwa hiyo umenyamaza, umefanya vizuri kuliko mimi. Siri ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kuifungua. Wewe tengeneza kinywaji. Siyo toniki, toniki ikishajulikana imejulikana. Kinywaji ambacho chenye kilevi na kisicho nacho ni mapacha, rangi moja, harufu moja, asijue mtu ila wewe na mwenye glasi. Nakuletea maji ya mabibo dumu moja. Ukakasi nimeshautoa: unapika uji mwembamba wa mchele, ukipoa unamimina humo, unaacha mpaka ule uchafu ushuke chini, unachuja kwa kitambaa. Hicho kidude chako kisingejua.

Lingine hutalipenda. Mama yako amempigia Munira kumsalimu, na Munira hajui kuficha. Yamejulikana yote. Tumekaa kikao. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada, na neno nimelitoa: Tekla aje hapa mpaka mambo yako yakae sawa. Nurdin atakuwa stendi ya Mbagala Jumamosi ya tarehe 16 saa mbili asubuhi. Atakupa dumu, wewe utampa mtoto. Mke wake atakuwemo kwenye basi, mtoto hatasumbuka.

Usikasirike.

Romani


Tabata Kimanga,
17 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimekasirika. Lakini nitakuandikia kwa heshima.

Jana saa mbili nilikuwa Mbagala, Tekla mgongoni. Nurdin kashusha dumu, kasema, "Sista, kifuniko kiliruka Kibiti, buti zima linanuka uraka kama kilabu cha pombe, abiria wamefurahi wenyewe." Nikampa ndoo niliyokuja nayo, tukamimina. Akasema, "Haya, nimeambiwa nirudi na mtoto." Nikamrudishia dumu tupu. Nikamwambia, "Rudi na dumu."

Akaniangalia, akaangalia dumu. "Mzee Romani nitamwambia nini?"

"Mwambie hili halilii njiani."

Mkewe alicheka mpaka kashika kiti. Ndiyo wakaondoka.

Mjomba, nakupenda, na nakula chumvi yako tangu nina miaka minne. Ndiyo maana najua. Mama alikuwa Dar anafanya kazi za watu, mie nikawa kwako. Nililishwa, nilisomeshwa, nilivikwa. Na kila basi likisimama barabarani nilikuwa nakimbia kuangalia nani anashuka. Hukuwahi kuniuliza nilikuwa nakimbilia nini, na mie sikuwahi kukwambia. Leo nakwambia mara moja tu.

Tekla hatakimbilia basi. Kama ni usiku nitahudumu usiku, nitatafuta mtu wa kulala naye, nitachoka. Nimeshazoea kuchoka.

Kuhusu maji ya mabibo, matamu, ukakasi haupo kabisa, hapo nimekuvulia kofia. Ila yalikuwa yameanza kuchachuka, na kinywaji kinachochachuka chenyewe hakiwezi kuwa cha asiyekunywa. Nikakiuliza kidude. Usinune. Kikaniambia nichemshe kidogokidogo yasifikie kutokota, nitie sukari na tangawizi, niendelee kuyapunguza kwa moto mdogo mpaka yawe mazito kama asali nyepesi, yatakaa wiki nyingi. Nimefanya, na imekuwa. Wewe umeutoa ukakasi, chenyewe kimezuia uchachu, na mie nimekoroga saa tatu Tekla ananishika mguu. Rangi yake ni kama ya wiski kabisa.

Nisalimie Mama. Mwambie namheshimu.

Rosalia


Tabata Kimanga,
8 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu lako, sijui umenuna au Nurdin kaikalia barua. Naandika hivyohivyo maana yapo ya kusema.

Tekla meno kumi. Mvua imetuingilia chumbani, tumehamisha kitanda, sasa tunalala miguu mlangoni kama walinzi.

Jumatatu ya tarehe 25, saa sita mchana, baa haina mtu, mie nafuta kaunta. Akaingia Wilfred. Yule mwenye mdomo, wa mwalimu wa kwaya. Peke yake. Kazunguka, kasoma kalenda ukutani kama ana mtihani nayo. Halafu akasogea, akakigeuza kishikwambi kikatazama ukuta, akasema kwa sauti ya kuungama:

"Sista."

"Abee."

"Ile glasi ya Theonest. Na mie naweza kupata?"

Nikamwekea glasi fupi, asali ya mabibo kidogo, soda, barafu mbili. Akanusa, akanywa, akafumba macho. "Hii ina kitu?" Nikamwambia, "Ina kitu akitaka mwenyewe. Hiyo yako haina." Akaniambia sukari imepanda, mkewe anampima kila Jumamosi kama gunia, na anaogopa kuchekwa kama alivyomcheka mwenzake. Nikamwambia hayo ya sukari sikuyasikia. Nikampunguzia asali.

Siku ya pili karudi na Mzee Theonest. Mzee kagusa ukingo wa glasi kwa kidole. Nikawawekea mbili. Kufika Ijumaa meza yote imejaa, wote sita, glasi rangi moja. Mjomba, nakwambia wewe tu na majina mengine sitaji: katika sita, wanne wanakuja kaunta mmojammoja, wanagusa ukingo. Ukiacha hao wawili wa kwanza, kila mmoja anaamini yuko peke yake. Wanapiga kelele kama wamelewa wote, na wawili waliolewa kweli ndiyo wapole.

Madam akaja kaunta, kasema kinywaji kipya kiandikwe kwenye kidude, kinauzika. Nikamwambia jaribu wewe. Kikauliza, "Kina kilevi: ndiyo au hapana?" Madam akaniangalia. Nikasema, "Inategemea glasi." Hakikuwa na pa kuandika hivyo. Akabonyeza ndiyo, kikakataa kumwandikia Mzee Theonest kwa sababu ya rekodi zake. Akabonyeza hapana, kikamwambia mteja mwingine achague kingine kwa kuwa hiki ni cha watoto. Wakacheka mpaka Chausiku akatoka jikoni na povu mikononi.

Ndipo Mzee Theonest akainuka kwenye kiti chake. Urefu ule. Akasema mbele ya watu, "Madam, huyu binti hakunipunja kitu. Mimi ndiye niliyemwomba, miaka miwili, na alinitunzia. Moyo wangu una vyuma viwili ndani. Nilikuwa naona aibu, sasa sioni, naona kiu." Akakaa. Wilfred akasema, "Mwalimu, anzisha wimbo." Ikaisha hivyo.

Madam hakuniomba msamaha, siyo mtu wake. Kaniambia, "Zamu ya mchana ibaki kwako. Kesho njoo mapema." Kidude kimehamia stoo kinahesabu kreti, na ukiwa na swali la kupika unakifuata huko, kinajibu vizuri tu, hakina kinyongo. Chausiku nimeanza kumfundisha kumimina kwa sikio. Naye ana mtoto.

Asali ya mabibo inaisha, na watu hawanunuliki kwa maneno. Kabla msimu haujapita tafadhali mpe Nurdin hivi:

Maji ya mabibo, madumu matatu ya lita tano, yachujwe kwa uji kama ulivyofanya, vifuniko vifungwe kwa mpira wa baiskeli.

Kitambaa cheupe cha kuchujia, mita mbili, cha kwangu kimekuwa nepi.

Korosho za kukaanga nusu kilo, za Munira, ulimi wake umenigharimu lakini mikono yake imenilelea.

Sufuria ile kubwa ya Mama yenye mpini mmoja, kama hataitumia.

Na barua ya mkono wako kwenda kwa Mama, fupi, yenye sahihi yako, kwamba wewe mwenye neno umelirudisha, na Tekla anakaa kwa mama yake. Hiyo usimpe Nurdin, mpe Mama mwenyewe mkononi, na simu iwe imezimwa.